Uchachu wa munkoyo ni mlinzi wake, maganda ya mayai tuwaachie kuku

Wengine wanapoandika juu ya mila zetu wanasema juu ya ngoma, ndoa na majina ya mababu. Sisi tumechagua kusema juu ya kopo la munkoyo. Msicheke. Mila haikai katika ngoma peke yake. Inakaa pia katika chungu, na mtu anaweza kuiharibu pole pole kwa kijiko kimoja cha unga mweupe, bila kelele, na watu wakaendelea kunywa na kusema asante.

Sisi watu wa Katanga ya zamani, ile iliyogawanywa mwaka wa 2015 kuwa majimbo mane, tunajua munkoyo tangu utoto. Ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa, wanaijua vilevile. Mama anapika uji wa unga wa mahindi mpaka uive kabisa. Anangoja upoe kidogo. Kiisha anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, anakoroga, na ule uji mzito unalegea, unakuwa maji ya kunywa. Hiyo si uchawi. Ndani ya mzizi kuna enzimu zinazokata wanga na kuugeuza sukari. Moto mkali unaziua, njo sababu mama mwenye akili hatii mizizi katika uji unaochemka. Usiku bakteria wa lakitiki wanakula sehemu ya sukari na kutoa asidi. Asubuhi munkoyo ni tamu yenye uchachu kidogo, hata mtoto anaipenda. Kesho yake inakuwa chachu zaidi, na kileo kidogo kinaanza kuingia. Siku ya tatu wazee wanaikunja uso wanapoinywa, lakini wanainywa.

Hivyo munkoyo ina umri, sawa na mtu. Ulimi unausoma umri huo bila kuuliza. Tunaomba msomaji ashike neno hili, kwa sababu shauri lote liko hapo.

Sasa tuseme jambo lililotusukuma kuandika. Sisi ni mwalimu wa shimi na biolojia. Siku moja tulikuwa tunafundisha kidato cha ine somo la asidi na kabonati. Tuliweka mezani vitu vine: ganda la yai, jiwe la chokaa kutoka Kakontwe karibu na Likasi, kipande cha chaki ya ubao, ile tunaita kre, na donge la pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wa Kiluba wanaupaka katika mambo ya heshima. Juu ya kila kimoja tukatia siki. Ganda la yai likatoa povu. Jiwe likatoa povu. Kre yetu haikutoa kitu. Pemba haikutoa kitu vilevile.

Tukaeleza: povu ni gazi karbonike, linaonyesha kwamba kuna kabonati. Kre nyingi za siku hizi ni jipsi, yaani salfati ya kalisiumu, hazina kabonati ya kutosha au hazina kabisa. Pemba ni kaolini, udongo wa alumini na silika. Vitu vine ni vyeupe vyote, lakini weupe si ukoo mmoja.

Mwanafunzi mmoja wa nyuma akainua mkono. Akauliza: "Mwalimu, kama kre haina kabonati, basi mama anatia nini mu munkoyo?"

Darasa likacheka. Sisi hatukucheka. Tulielewa kwanza kwa nini sanduku letu la kre lilikuwa linaisha kabla ya mwisho wa mwezi. Kiisha tulielewa jambo kubwa zaidi. Jioni tulikwenda kumsalimia yule mama. Anauza munkoyo mbele ya nyumba yake, bidon mbili kwa siku. Alitupokea vizuri, akatupa kiti na kopo.

"Mwalimu, usiogope," akasema. "Kre ni siku ingine tu, kama mayayi inakosa. Njia yangu ni maganda. Ninayasaga, ninatia kijiko mu bidon ya jana. Inatosha ukali. Batu banasema ni ya leo."

Tukamwuliza: "Mama, na wewe unaijua kuwa ni ya jana?"

Akajibu: "Mimi ninajua. Lakini nikimwaga bidon, watoto bangu batakula nini?"

Ndugu wasomaji, hatukuwa na jibu la haraka. Yule mama si mwizi. Unga una bei, kuni au makala yana bei, umeme unakatika na wengi hawana frigo. Bidon isiyouzwa ni feza imemwagika. Tunaandika maneno haya kwa heshima yake, na hata hivyo tunasema wazi: tabia hii ni mbaya, na wale wanaoisifu kuwa ni "akili mpya ya shimi" wanadanganya watu. Tutaonyesha sababu.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Ganda moja la yai la kuku lina uzito wa gramu 5 au 6, na karibu asilimia 95 ni kabonati ya kalisiumu. Gramu 1 ya kabonati inashika gramu 1,8 za asidi ya lakitiki. Basi ganda moja linaweza kumaliza gramu 9 za asidi. Tuchukue, kwa mfano wa darasani, munkoyo yenye gramu 5 za asidi kwa litre. Bidon ya litre 20 ina gramu 100. Maganda matano au sita yanaondoa nusu yake. Na nusu inatosha, kwa sababu munkoyo iliyoiva ambayo ilikuwa na pH karibu 3,5 inavuka 4 na kuendelea. Msidharau hizo namba ndogo. Kipimo cha pH hakipandi kama mita za kitambaa: kutoka 3 kwenda 4, nguvu ya uchachu imepungua mara kumi. Maganda sita ni chakula cha asubuhi cha nyumba moja. Yule mama anafikiri ameongeza kitu kidogo, kumbe amebadilisha kinywaji kizima.

Sababu ya pili ni ulinzi. Divai ina kileo cha kuilinda, asilimia 10 au 12. Samaki mkavu ana chumvi na jua. Munkoyo haina kileo cha maana, haina chumvi, haina frigo. Mlinzi wake ni mmoja tu, ni uchachu. Mikrobe nyingi za kuharisha hazizai vizuri chini ya pH 4. Ile ya kipindupindu inachukia asidi kuliko nyingi zingine. Katika maabara, wanaoitafuta wanailisha katika maji ya peptoni yenye pH ya 8 na zaidi, kwa sababu huko inastarehe. Sisi tunaokumbuka mwanzo wa mwaka wa 2008, kipindupindu kilipopita Lubumbashi na Likasi, hatuna haki ya kusahau. Hatusemi uchachu ni dawa. Maji machafu yanabaki machafu, na asidi haiui kila kitu. Tunasema tu kwamba mtu mwenye mlango mmoja hauvunji ule mlango mmoja.

Tuongeze neno juu ya ganda lenyewe. Yai linatoka kwa kuku, na ganda linaweza kubeba salmonela. Munkoyo haichemshwi tena baada ya kutiwa mizizi. Basi anayetia ganda bichi, lisilochemshwa, anafanya mambo mawili kwa mkono mmoja: analeta mwizi na anamfukuza mlinzi. Wenye kusifu maganda hawasemi hata siku moja kwamba lazima yachemshwe, yakaushwe vizuri na kusagwa mpaka yawe unga laini.

Sababu ya tatu inashangaza wengi, hata walimu wenzetu. Watu wanafikiri kabonati inasimamisha uchachukaji. Hapana. Inauendeleza! Bakteria wa lakitiki wanachoshwa na asidi yao wenyewe: ikizidi, wanapunguza kazi. Ukiwaondolea asidi ile, wanaanza tena kwa nguvu mpya na kula sukari iliyobaki. Viwanda vinavyotengeneza asidi ya lakitiki vinatia kabonati ya kalisiumu kwa makusudi, ili bakteria wasichoke. Kwa hiyo bidon ya jana iliyotiwa maganda haikurudi kuwa ya leo. Imekuwa ya jana yenye njaa. Saa chache baadaye utamu umepungua, gazi limejaa, chupa iliyofungwa sana inavimba, na ulimi unakuta ladha ya vumbi na uchungu kidogo, ambayo ni ya laktati ya kalisiumu. Mama anaongeza kijiko kingine. Ni deni juu ya deni.

Sababu ya nne ni ya mila, na kwetu ni kubwa. Tulisema ulimi unasoma umri wa munkoyo. Bibi zetu hawakuwa na karatasi za pH. Walikuwa na ulimi, na kibuyu kilichozoea munkoyo, ambacho chenyewe kilibeba chachu kutoka chungu hiki mpaka kingine. Uchachu ulikuwa barua iliyosema: mimi ni wa leo, mpe mtoto, mimi ni wa jana, mpe anayetoka shamba, mimi ni wa juzi, wazee peke yao. Anayetia maganda anafuta barua hiyo. Mtoto anapewa munkoyo ya wazee na hakuna anayejua. Mnafikiri mila ni nini kama si kuambiana kweli juu ya kile tunachokula pamoja?

Sasa tuwajibu wanaotupinga, kwa maana wako, na wengine ni rafiki zetu.

Wanasema: "Kalisiumu ni nzuri kwa mifupa ya watoto." Kweli, ni nzuri. Anayetaka kalisiumu, akule ndakala na mifupa yake, akule lengalenga. Hakuna haja ya kuificha katika bidon ya jana. Chakula kizuri hakiingii kwa dirisha.

Wanasema: "Hata Wazungu wanatia kabonati katika divai." Ni kweli vilevile. Katika nchi za baridi za Ulaya zabibu zinakuwa chachu sana, na mtengeneza divai anaruhusiwa kupunguza. Lakini yeye anapima kwanza. Anajua kwamba kuondoa gramu 1 ya asidi ya tartariki kwa litre kunahitaji gramu 0,67 za kabonati, hatii kijiko kwa macho. Na divai yake inabaki na kileo cha kuilinda. Mtu wa kwetu anayetengeneza divai ya nanasi au ya matunda makali sana, chachu ikashindwa kufanya kazi, akipima vizuri na kutia kidogo mwanzoni, sisi hatumkatazi. Kabonati ya kalisiumu si adui. Ina hata tabia nzuri: katika maji ya kawaida haiyeyuki karibu hata kidogo, inangoja asidi. Tunakataza kuitumia kuficha umri wa kinywaji kisicho na mlinzi mwingine.

Wanasema: "Kuna vidonge vya tumbo vyenye kabonati, mbona daktari anavitoa?" Daktari anavitoa kwa mgonjwa anayejua amekunywa nini. Na tumbo lililopunguziwa asidi linashikwa na kipindupindu kwa urahisi zaidi. Mfano huo unatusaidia sisi, hauwasaidii wao.

Wanasema mwishowe: "Wazee walitia pemba na majivu." Hapa tunakasirika kidogo, mtusamehe. Kila mtu akitaka kupitisha jambo lake siku hizi anawavisha wazee. Pemba ni kaolini, tumeiona katika siki: haiondoi uchachu kama kabonati. Majivu ni jambo lingine. Maji yaliyochujwa katika majivu yana zaidi kabonati ya potasiumu, ambayo inayeyuka yote mara moja na ni kali sana. Wazee walijua nguvu yake, walitengeneza chumvi ya majivu na kulainisha majani jikoni. Mboga inachemshwa na kuliwa papo hapo. Munkoyo inakaa. Kuhamisha dawa ya chungu hiki kwa chungu kile bila kufikiri si kufuata wazee, ni kuwaibia jina.

Na kuna wajanja zaidi. Tumesikia kwa masikio yetu mtu akishauri chokaa ya kupaka nyumba. Ndugu zangu, hapana! Jiwe la chokaa likichomwa na kutiwa maji linakuwa idroksidi ya kalisiumu. Maji yake yana pH ya 12 na zaidi, yanachoma macho na koo. Mawe ya kuokota nayo tusiyasage hivihivi. Sisi tunakaa katika nchi ya shaba na kobalti. Asidi inavuta kila kilichomo katika jiwe, na jicho halioni kilichomo. Kabonati ni neno moja, mifuko yake ni mingi.

Wengine watauliza: basi yule mama afanye nini? Swali ni la haki, na anayekataza bila kuonyesha njia ni mpiga kelele tu.

Kwanza, apike kidogo na mara nyingi. Bidon moja asubuhi na nusu mchana ni bora kuliko mbili ambazo ya pili inalala.

Pili, aiweke pahali pa baridi, chungu ndani ya beseni la maji, chini ya kitambaa kilicholowana, kivulini. Baridi inachelewesha bakteria bila kumfukuza mlinzi. Hiyo ndiyo frigo ya bibi zetu.

Tatu, auze ya jana kwa jina la jana na kwa bei ya jana. Kuna watu wanaotafuta munkoyo chachu, na wanalipa. Tukimwambia hivyo, yule mama alicheka: "Mwalimu, bazee bale ba pale ku kona, banaulizaka ile ya ukali!" Soko lilikuwepo, alikuwa anaificha bidhaa yake mwenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ine, inayobaki kidogo awe nayo kama mbegu ya chungu kipya, kama ni safi na harufu yake ni nzuri. Hivyo uchachu wa jana unalinda ya leo tangu saa ya kwanza, na hakuna feza iliyomwagika.

Tano, maganda ya mayai awape kuku. Ayachemshe, ayakaushe, ayasage, ayachanganye na chakula chao. Kuku anayahitaji kwa yai linalofuata. Yakizidi, ayapeleke katika bustani, kwa maana udongo wetu mara nyingi ni wenye asidi na unafurahi kupata kalisiumu. Ganda limetoka kwa kuku, lirudi kwa kuku na kwa udongo.

Kwa wazazi na walimu wenzetu tuna neno moja pia. Jaribio la siki tulilolisimulia halihitaji maabara. Linahitaji ganda, jiwe, kre na kijiko cha siki. Tulifanye katika kila shule, na baada ya povu tusifunge kitabu. Tuwaulize watoto: nyumbani mnatia nini katika munkoyo? Shimi isiyofika jikoni ni mashairi ya mtihani.

Hatutaki kumaliza kwa kujisifu. Siku ile, kabla ya kujua, sisi wenyewe tulikunywa lile kopo la yule mama mpaka chini, tukasema: "Asante mama, hii ni ya leo." Miaka yote ya kufundisha pH, na ulimi wetu ulidanganywa kwa kijiko kimoja. Kama sisi tulidanganywa, mtoto wa miaka mitatu atajilinda namna gani?

Juma lililofuata tulipita tena. Kulikuwa na bidon mbili mbele ya nyumba, moja imefungwa kitambaa cheupe, ingine chekundu. Yule mama hakutusalimia kwanza. Alituuliza: "Mwalimu, ya leo ao ya jana?"

Tukachagua ya jana. Tulikunja uso. Tulilipa bei ya jana, na tulijua tunakunywa nini.